Mikoko ya Gazi: Msitu unaouzwa bila kukatwa

MSAFIRI atokaye Mombasa kwenda Lunga Lunga, akishavuka Likoni na kuupita mji wa Ukunda, hufika baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi mahali ambapo njia nyembamba hukata kushoto katikati ya minazi kuelekea baharini. Mwisho wa njia hiyo ni kijiji cha Gazi, katika eneo la Msambweni, Kaunti ya Kwale.

Wakazi wengi wa Gazi ni Wadigo, ingawa karne za biashara ya baharini zimeleta humo watu wa asili nyingi. Wanaoisoma historia ya pwani watakumbuka kuwa katika karne ya 19 hapa palikuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepambana na Sultani wa Zanzibar na hatimaye Waingereza, hadi mwaka 1896 alipovuka mpaka na kukimbilia upande wa Wajerumani. Lakini katika miaka ya karibuni Gazi imejulikana ulimwenguni kwa jambo jingine kabisa. Pamoja na jirani yake Makongeni, kijiji hiki huuza kaboni iliyohifadhiwa katika mikoko yake, na mnunuzi hapewi hata ufito mmoja.

Habari hiyo imeandikwa mara nyingi kama hadithi ya ushindi. Ushindi upo, na makala haya hayakusudii kuupunguza. Hata hivyo, yafaa msomaji aelewe kinachouzwa ni nini, kilipatikanaje, ni nani aliyeacha riziki yake ili kipatikane, na ni hatari zipi ambazo hakuna kamati ya kijiji inayoweza kuzizuia.

Ghuba na miti yake

Ghuba ya Gazi imekingwa na mawimbi makubwa kwa pande mbili: mashariki ipo rasi ya Chale, na kusini upo mwamba wa matumbawe. Mito miwili humimina maji yake humo, Kidogoweni upande wa kaskazini-magharibi na Mkurumudzi upande wa kusini-magharibi. Maji baridi yakikutana na maji ya chumvi mahali palipotulia namna hii, matope hutua, na penye matope mikoko huota. Msitu wa ghuba hii una ukubwa wa kilomita 6 za mraba na ushei.

Kiswahili cha kila siku huiita miti yote hiyo mikoko, lakini wenyeji wa pwani hawaichanganyi. Kenya ina aina tisa, na kila moja ina jina, mahali pake na kazi yake. Anayekabili bahari moja kwa moja ni mlilana, ambaye mizizi yake ya kupumulia huchomoza matopeni kama pembe. Wavuvi huichonga mizizi hiyo kuwa maboya ya nyavu, na mbao zake zilizopindika zilitumiwa na maseremala wa vyombo kutengenezea mataruma. Nyuma ya mlilana husimama mkoko wenyewe, ule ambao jina lake limepewa jamii nzima, akijishikilia kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Kisha huja muia, ambaye mizizi yake hutokeza kama magoti. Mkandaa hupenda ardhi iliyoinuka kidogo, na magome yake yalitumika tangu zamani kutia rangi na kulainisha ngozi. Mchu ni mkaidi: huonekana ukingoni mwa bahari na pia ndani kabisa karibu na nchi kavu, penye chumvi ambayo miti mingine haiwezi kuivumilia. Kikandaa, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi hukamilisha hesabu, wengi wao wakiwa sehemu za juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa yeyote anayetaka kupanda upya. Mche wa mkandaa ukipandwa mahali pa mlilana hufa, na wa mlilana ukipandwa mahali pa mkandaa hufa vilevile. Miradi mingi ya kupanda mikoko duniani, ile ya kupigia picha wakuu wakiwa na majembe, imeishia patupu kwa sababu ya kutojali jambo hili dogo.

Mkoko na jamaa zake wa karibu wana sifa nyingine isiyo ya kawaida. Mbegu zao huchipuka zingali mtini, zikarefuka kama mkuki, kisha huanguka. Zikianguka wakati maji yamekupwa, hujichoma matopeni na kuanza kumea. Zikianguka wakati maji yamejaa, huelea na kupelekwa na mkondo hadi zitakapopata mahali, au zisipate.

Boriti zilizovuka bahari

Thamani ya mikoko haikugunduliwa na wataalamu wa tabianchi. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi yalirudi na upepo wa kusi yakiwa yamesheheni miti ya mikoko kutoka Lamu, delta ya Rufiji na kwingineko. Katika nchi zile zisizo na miti, nyumba iliezekwa kwa boriti za pwani yetu, na upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti.

Biashara hiyo imeacha msamiati kamili. Mti mwembamba kabisa ni ufito, unaotumika kusuka ukuta wa nyumba ya udongo. Ukinenepa huwa pau, kisha mazio, kisha boriti yenye kipenyo cha sentimita 12 hivi, kisha nguzo, na mkubwa kupita wote ni banaa. Mkataji mzoefu huutaja mti kwa daraja lake kwa kuutupia jicho tu. Daraja la boriti ndilo lililotakiwa zaidi sokoni, na kwa hiyo ndilo lililokatwa zaidi, hata katika misitu mingi ya pwani leo unaweza kukuta fito tele na majitu machache yaliyopinda, lakini miti ya wastani iliyonyooka imekuwa adimu.

Serikali ya kikoloni iliitangaza misitu ya mikoko kuwa hifadhi mwaka 1932, na baada ya uhuru tangazo hilo lilithibitishwa upya mwaka 1964. Kisheria, basi, mikoko ni mali ya umma, na mwanakijiji aliyezaliwa kando yake alihitaji kibali ili akate. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Hatua hiyo ilipunguza kasi ya ukataji, lakini soko la ndani, la ujenzi na la kuni, liliendelea.

Pigo lililoiumiza Gazi halikutoka kwa majahazi. Katika miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwandani, za kuchomea chokaa na matofali. Ukataji huo haukuchagua boriti na kuacha fito. Ulifyeka. Mahali ambapo msitu ulisimama palibaki uwanja mtupu ambao bahari iliuingia na kutoka kila siku bila ya kizuizi.

Kwa nini msitu haukurudi wenyewe

Mtu aliyezoea misitu ya bara angetarajia kuwa baada ya miaka kumi miti ingejiotea. Baadhi ya viwanja vya Gazi vilikaa miaka ishirini bila ya kuota. Sababu zake ni za kimaumbile. Kivuli kikiondoka, jua hupiga matope moja kwa moja, maji huvukizwa na chumvi huongezeka kupita kiasi. Bila ya mizizi ya kuyashikilia, matope huchukuliwa na mawimbi na mchanga huja mahali pake. Miti mama iliyodondosha mbegu haipo, na mbegu zinazoelea kutoka mbali hazina mizizi ya kuzinasa, hivyo hupita tu. Kaa nao hula chache zinazobahatika kutua.

Watu wa Gazi hawakuhitaji kufundishwa matokeo yake. Mizizi ya mikoko ni malezi ya samaki na kamba wachanga, na ni makao ya kaa na chaza. Ghuba hii pia ina nyasi za baharini ambamo tafi na pono hulisha, na maji yakichafuka kwa udongo uliokosa wa kuuzuia, nyasi hizo hukosa mwanga. Ufuo nao ulianza kuliwa na bahari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini (KMFRI), ambayo ina kituo Gazi, ilianza majaribio ya kupanda. Aliyeongoza kazi hiyo, na ambaye jina lake halitenganiki na mikoko ya Kenya, ni mtafiti Dkt James Kairo. Wanakijiji walikusanya mbegu, wakatengeneza vitalu na kupanda maelfu ya miche wakati maji yamekupwa. Shamba la mikoko lililopandwa mwaka 1994 lilikua vizuri kiasi cha kuwa darasa la watafiti kutoka nchi nyingi, kwa kuwa ni nadra kupata msitu wa mikoko ambao umri wake unajulikana kwa hakika.

Mahali pagumu palikuwa, na pangali, ukingo wa mbele unaokabili mawimbi. Huko ndiko kwenye makao ya mlilana, na huko miche hung'olewa na mawimbi au hufukiwa na mchanga. Tena mlilana uliokomaa wa Gazi una adui wa ndani: wadudu wanaotoboa matawi, yakakauka kuanzia nchani. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa ulinzi wa ghuba ndio ulio dhaifu kuliko yote.

Kuuza kisichoonekana

Mti hunyonya hewa ukaa kutoka angani na kuigeuza kuwa mbao, majani na mizizi. Hilo hufanywa na kila mti. Mikoko huwa tofauti kwa sababu ya matope yaliyo chini yake. Katika matope hayo yasiyo na oksijeni, yale yenye harufu ya yai viza, majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, bali huzikwa na kukaa humo kwa mamia ya miaka. Watafiti hukadiria kuwa hekta moja ya mikoko inaweza kuhifadhi kaboni mara tatu hadi tano zaidi ya hekta ya msitu wa nchi kavu wa ukanda wa joto. Msitu ukifyekwa, ghala hilo hufunguliwa na kaboni hurudi angani.

Ni katika msingi huo kwamba mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, ukiwa miongoni mwa miradi ya kwanza duniani ya kuuza kaboni ya mikoko chini ya usimamizi wa jamii. KMFRI na washirika wake, kikiwemo Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland, walipima miti na kukokotoa ni kiasi gani cha hewa ukaa kinachozuiwa kutoka au kunyonywa kila mwaka. Mradi uliidhinishwa na shirika la Plan Vivo, ambalo hutoa viwango kwa miradi ya jamii ndogo, kwa kipindi cha miaka 20. Eneo lililotengwa ni hekta 117, na kiasi kinachouzwa ni takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, ACES, hutafuta wanunuzi, ambao ni kampuni, taasisi na watu binafsi wa ng'ambo wanaotaka kufidia uchafuzi wao.

Huku nyumbani, kamati iliyochaguliwa na wakazi wa Gazi na Makongeni husimamia mradi. Ardhi yenyewe ni msitu wa serikali, kwa hiyo ilibidi jamii, kupitia chama chake cha misitu, itiliane saini na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) makubaliano ya kusimamia kwa pamoja. Njia hiyo ilifunguliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005. Kabla ya hapo mwanakijiji alitambuliwa na sheria kama mwombaji wa kibali au mhalifu, basi.

Fedha zinazopatikana hulipa ulinzi wa msitu na upanzi, na zinazobaki huingia katika miradi ambayo wakazi huichagua katika mikutano ya hadhara. Uamuzi wao wa kwanza unaeleza mengi kuhusu maisha ya pwani: waliomba maji. Maji safi yalifikishwa karibu na watu, vitabu vikanunuliwa kwa shule za msingi za vijiji hivyo viwili, na majengo yakakarabatiwa. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Kando na kaboni, kikundi cha wanawake wa Gazi kinaendesha ujia wa mbao unaopita juu ya matope ndani ya msitu. Wageni hulipa ada ndogo, hutembezwa, hutajiwa majina ya miti, na wakitaka hupikiwa samaki wa nazi. Ujia huo ulikuwapo kabla ya biashara ya kaboni na una fadhila moja kuizidi, kwamba mgeni humwona anayemlipa na anayelipwa humwona mgeni.

Hesabu ambayo haitajwi sana

Sasa tufikie fedha. Katika miaka ya mwanzo mradi uliingiza kiasi cha dola 12,000 hadi 15,000 za Marekani kwa mwaka. Ukigawanya kwa hekta 117, unapata zaidi kidogo ya dola 100 kwa hekta moja. Kwa vijiji viwili vyenye maelfu ya watu, hizo ni fedha za kuchimba kisima, kununua madawati na kulipa walinzi wachache. Si fedha za kumlisha mtu.

Ulinganisho huo ni muhimu kwa sababu walioacha kukata hawakuwa watu wa kufikirika. Katika nyumba ya udongo na makuti, fito huoza na hubadilishwa. Mama karanga, kama wanavyoitwa pwani wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, kuwakaanga na kuwauza vijijini, huhitaji kuni kila siku, na kuni za mkandaa huwaka kwa moto mkali usio na moshi mwingi. Mkataji wa boriti alikuwa na kazi inayomletea fedha taslimu jioni. Mradi unapomwambia aache, faida anayoipata yeye ni sehemu ya bomba la maji linalotumiwa na kila mtu, pamoja na jirani ambaye hakuwahi kukata chochote.

Waanzilishi wa Mikoko Pamoja waliliona jambo hilo, na ndiyo maana tangu mwanzo mvinje ulipandwa kando ya mikoko. Mvinje hukua upesi, hunyooka, hufaa kwa kujengea na kwa kuni. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kila mche wa mvinje umeulinda msitu wa Gazi kuliko ilani yoyote iliyopigwa msumari mtini. Lakini mvinje unahitaji ardhi, na ardhi ya pwani ya kusini ina wenyewe, wengine wao wakiwa mbali sana na Gazi.

Kuna swali jingine. Hekta 117 ni karibu sehemu moja ya tano tu ya mikoko ya ghuba. Mlinzi akisimama hapa, mwenye panga anaweza kwenda kukata pale pasipo na mlinzi. Wataalamu wa kaboni huliita jambo hili uvujaji, na kanuni huwataka waandaaji wa mradi walizingatie katika hesabu zao. Kwa mkazi wa kijiji jirani hilo si suala la hesabu. Ni msitu wake unaobeba mzigo wa msitu wa mwenzake.

Yafaa pia kusema kwamba wazo la msitu usiogusika halikuletwa na wageni. Katika eneo hilihili ipo Kaya Gogoni, na si mbali ipo Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Humo hakuna aliyelipwa kwa tani. Wazee waliweka miiko, na miiko ilitosha kwa vizazi vingi. Tofauti ni kwamba kaya ilikuwa mahali pa ibada na maziko, ilhali mikoko ilikuwa daima mahali pa kazi, na mwiko wa mahali pa kazi ni mgumu kuutunga.

Yatokayo juu ya mto

Hatari kubwa zaidi kwa mikoko ya Gazi huenda zisiwe zile zinazotokea ndani ya ghuba. Mikoko huishi kwa kupokea maji baridi na udongo kwa kiasi. Yakizidi hufa, yakipungua hudhoofika. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilionyesha upande wa kwanza. Huko Mwache, karibu na Mombasa, udongo ulioteremshwa na mafuriko ulifukia mizizi ya kupumulia na maeneo makubwa ya mikoko yakakauka yakiwa yamesimama. Mwaka huohuo wa 1998 joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, na matumbawe ndiyo yanayovunja mawimbi kabla hayajafika kwenye mikoko.

Upande wa pili, wa maji kupungua, unahusu mto Mkurumudzi. Mto huu umekuwa ukitegemewa na watu wengi juu ya ghuba: wakulima wadogo, mashamba makubwa ya miwa, na mgodi wa madini ya titani wa Kwale, ambao ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na kusitisha uchimbaji Desemba 2024. Bwawa lilijengwa mtoni kwa ajili ya mgodi. Mgodi umefungwa, lakini mahitaji ya maji katika bonde hayafungwi pamoja nao. Kamati ya Mikoko Pamoja ina usemi juu ya nani aingie msituni na panga, lakini haina usemi juu ya ni maji kiasi gani yaachwe yafike baharini. Kwa sheria zetu mambo hayo mawili yako katika ofisi tofauti kabisa.

Kutoka upande wa bahari huja tatizo la zana za uvuvi. Juya, wavu mkubwa unaokokotwa hadi ufuoni, lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001 kwa sababu huzoa samaki wachanga na kung'oa nyasi za baharini. Bado hutumika, kwa kuwa juya huajiri watu wengi kwa pamoja, hata asiye na chombo wala nyavu zake. Kamati za usimamizi wa fuo (BMU) hujikuta zikitakiwa kuwafukuza vijana waliozaliwa nao. Hali huwa ngumu zaidi katika msimu wa kaskazi, wavuvi wageni kutoka Pemba wanapofika na uhusiano wao wa miaka mingi na wenyeji.

Kisha lipo jambo la polepole kuliko yote. Usawa wa bahari unapanda. Mikoko ina njia mbili za kuokoka: kuinua ardhi yake kwa kunasa udongo, au kurudi nyuma kuelekea nchi kavu kizazi baada ya kizazi. Njia ya kwanza inategemea mito. Ya pili inategemea kuwepo kwa nafasi nyuma ya msitu. Gazi, nafasi hiyo ina minazi, nyumba, makaburi na mashamba. Hekta 117 zimechorwa katika ramani, lakini hakuna ramani iliyochora mahali msitu utakapohamia.

Vanga, sheria mpya na mwaka 2033

Mfano wa Gazi umeigwa. Huko Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilianzisha mradi wa namna hiyo katika eneo la zaidi ya hekta 450, karibu mara nne ya lile la Gazi. Nafasi ya kupanuka ingalipo, maana Kenya ina hekta 61,000 za mikoko, na kiasi cha asilimia 61 ziko Lamu, kaunti ambayo maelfu ya watu wake wameishi kwa kukata mikoko kihalali na kwa leseni. Marufuku ya ukataji wa miti iliyotangazwa nchini Februari 2018 iliwagusa hao vikali. Anayedhani kwamba kilichofanyika katika hekta 117 kinaweza kupelekwa Lamu kama kilivyo hajawauliza wakataji wa Lamu.

Bunge nalo limeingilia kati. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yaliyopitishwa mwaka 2023 yanazitaka biashara za kaboni zinazotegemea ardhi zitiliane saini na jamii mkataba wa maendeleo, na kuitengea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama. Kanuni za kutekeleza sheria hiyo zilitolewa mwaka 2024. Kwa mradi ambao uliasisiwa ili mapato yaende kwa wanakijiji, kiwango hicho si kigeni. Kinaweza kuwasaidia zaidi wale watakaofikiwa na wafanyabiashara wa kaboni siku zijazo bila ya mtafiti wala chuo kikuu upande wao. Neno la kuangaliwa ni hilo la "baada ya kuondoa gharama", kwa maana anayeandika gharama ndiye anayeamua kinachosalia.

Kipindi cha miaka 20 ambacho Mikoko Pamoja iliidhinishiwa kitamalizika mwaka 2033. Watoto waliokuwa darasa la kwanza Gazi na Makongeni bomba la kwanza lilipofunguliwa watakuwa watu wazima wenye nyumba za kujenga. Kabla ya hapo vijiji vitatakiwa kuamua iwapo vitaendelea na kwa bei gani, na iwapo eneo liongezwe ili ghuba nzima iwe na mlinzi. Vitatakiwa pia kuamua kama nyasi za baharini, ambazo nazo huhifadhi kaboni katika mchanga wake, ziingizwe katika hesabu. Kwa sasa, maji yanapokupwa, upanzi wa mlilana huendelea katika ukingo wa mbele, na sehemu ya miche iliyopandwa msimu uliopita hupandwa tena.